Confucius na Mlango wa Serikali

Wachina wamekuwa wakishitakiana kwa zaidi ya miaka mia moja juu ya mtu aliyekufa mwaka 479 kabla ya Kristo. Upande mmoja husema kuwa Confucius ndiye aliyeijenga nchi yao. Upande wa pili husema kuwa ndiye aliyeifunga miguu isiende pamoja na mataifa mengine. Kati ya mwaka 1915 na mwaka 1919 waandishi vijana wa Shanghai na Beijing walimfanya shabaha ya mishale yao. Mwaka 1966 vijana wengine, Walinzi Wekundu, walisafiri mpaka Qufu, mji wake wa kuzaliwa, wakavunja sanamu na kufukua makaburi ya ukoo wake. Walakini serikali ya chama kile kile ndiyo iliyolitwaa jina lake baadaye, ikaliandika juu ya milango ya taasisi za kufundishia Kichina katika nchi za ugenini, na ya kwanza katika Afrika ilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005. Mtu aliyetukanwa na kutukuzwa kwa kadiri hiyo yamkini hakusikilizwa vema na upande wowote.

Swali la kama mafunzo yake yaliusaidia ustaarabu wa Uchina au yaliuzuia lina kosa ndani yake. Linachukulia kuwa mafunzo ni kitu kimoja kisichogeuka, mfano wa jiwe lililowekwa njiani, ambalo ama humvusha mpita njia penye tope ama humkwaza akaanguka. Mafunzo ya Confucius yaliishi katika nyumba mbili. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mwalimu na wanafunzi wake. Ya pili ilikuwa ofisi ya serikali. Yaliyotendeka katika ile ya kwanza hayakuwa sawa na yaliyotendeka katika ya pili, na hesabu ya faida na hasara haiwezi kutoka sawasawa mpaka nyumba hizo zitenganishwe.

Confucius alizaliwa mwaka 551 kabla ya Kristo katika dola ndogo ya Lu, ambayo leo ni sehemu ya jimbo la Shandong. Baba yake alifariki yeye angali mtoto. Alikua katika upungufu, akashika kazi ndogo ndogo za serikali, kisha akazunguka miaka mingi katika dola za jirani akitafuta mtawala wa kumsikiliza. Hakumpata. Alirudi kwao mzee, akafundisha mpaka akafa, na maneno yake yakakusanywa na wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi wake. Msingi wa mafunzo hayo ni neno ren, na Kiswahili kina bahati ya kuwa na neno linalolikaribia mno, nalo ni utu. Utu huo haukuwa wa moyoni tu. Ulitakiwa kuonekana katika adabu: ya mtoto mbele ya mzazi, ya mfalme mbele ya raia, ya wafiwa mbele ya maiti wao. Neno lake jingine kubwa ni junzi. Hapo asili maana yake ilikuwa mtoto wa bwana, mtu wa nasaba. Yeye akalitumia kwa mtu wa mwenendo mwema, awe amezaliwa na nani. Msomaji wa pwani hatashangaa, kwa kuwa neno muungwana limefanya safari ile ile: lilianza kwa mtu asiye mtumwa, likafika kwa mtu mwenye tabia njema. Safari hiyo ina hatari yake kwa wenye nguvu. Ikiwa uungwana ni mwenendo wala si damu, basi mtoto wa mkulima aweza kuwa muungwana, na mtoto wa mfalme aweza kuwa si kitu.

Wenye nguvu waliihisi hatari hiyo mapema. Mfalme wa kwanza wa ukoo wa Qin, aliyeziunganisha dola zote kwa upanga mwaka 221 kabla ya Kristo, aliamuru mwaka 213 vitabu vya zamani vichomwe moto, na vile vilivyoheshimiwa na wafuasi wa Confucius vilikuwa miongoni mwao. Ukoo wake haukudumu hata miaka ishirini. Ukoo wa Han uliofuata ulikuwa na busara zaidi, au werevu zaidi. Mwaka 136 Mfalme Wu aliweka wataalamu wa serikali kwa ajili ya vitabu vitano vya wafuasi hao, na mwaka 124 akafungua chuo chenye wanafunzi 50. Mfalme alihitaji maofisa wajuao kusoma na kutii. Wafuasi wa mwalimu walihitaji chakula na cheo. Kila upande ulipata ulichokitaka. Karne tatu na nusu baada ya kufa kwake, mtu aliyemkosa mtawala hata mmoja wa kumsikiliza aliajiriwa na dola nzima.

Si haki kupita upesi juu ya mema yaliyotoka katika ajira hiyo. Tangu enzi ya Sui, mwanzoni mwa karne ya 7, Wachina walianza kuchagua maofisa kwa mtihani wa maandishi, na katika enzi ya Song, iliyoanza mwaka 960, mtihani ukawa njia kuu ya kufikia madaraka. Majina ya watahiniwa yalifunikwa, na majibu yao yakanakiliwa upya na makarani ili msahihishaji asiutambue mwandiko wa mtoto wa rafiki yake. Katika zama hizo hizo vyeo vya Ulaya vilipatikana kwa kuzaliwa au kwa mkuki. Fan Zhongyan, aliyefiwa na baba akiwa na umri wa miaka miwili na kulelewa katika umaskini, alifaulu mtihani akapanda mpaka akawa waziri. Akaanzisha shule, akanunua mashamba na kuyaweka wakfu kwa jamaa zake, na wakfu huo ukadumu karne nyingi baada yake. Maskini kweli kweli, wasio na fedha ya kalamu wala mwalimu, hawakuwa wengi katika ngazi hiyo, na wanawake hawakuruhusiwa hata kuigusa. Hata hivyo ilikuwa ngazi, na nchi nyingi za wakati ule hazikuwa nayo.

Wako wasemao kuwa kichwa kilichojazwa adabu na historia hakina nafasi ya kuchunguza maumbile. Watu wawili wa enzi hiyo ya Song wanatosha kuwajibu. Shen Kuo, aliyefaulu mtihani mkuu mwaka 1063, aliandika juu ya sindano ya sumaku, akaona kuwa haielekei kusini sawasawa bali hupotoka kidogo. Su Song, aliyefaulu mwaka 1042, alisimamia katika mji wa Kaifeng ujenzi wa mnara wa saa wenye urefu wa kadiri ya mita 12, ulioendeshwa kwa maji na kuonyesha mwendo wa nyota. Wote wawili walikuwa maofisa wa serikali, na wote wawili walilelewa kwa vitabu vya Confucius. Karatasi, chapa, baruti na dira vilikuwa mikononi mwa Wachina kabla ya kuwa mikononi mwa watu wa Ulaya. Kama mafunzo yale yalikuwa sumu, basi ilikuwa sumu ya ajabu, iliyokawia zaidi ya miaka elfu bila ya kuua.

Mabadiliko yalikuja polepole, na mtu aliyeyapa chanzo hakuyakusudia. Zhu Xi, aliyeishi kati ya mwaka 1130 na mwaka 1200, alikuwa mwenye fikira wa daraja ya juu, na mwishoni mwa maisha yake serikali iliwahi kuyapiga marufuku mafunzo yake. Alichagua vitabu vinne akaviandikia ufafanuzi ili mwanafunzi apate mahali pa kuanzia. Mwaka 1313 watawala wa Kimongolia waliamuru kuwa vitabu hivyo, pamoja na ufafanuzi huo, viwe msingi wa mtihani. Mahali pa kuanzia pakawa mahali pa kukomea.

Enzi ya Ming ilipoingia mwaka 1368, mwanzilishi wake, ambaye alizaliwa mkulima na hakuwaamini wasomi, aliona jambo lililomkasirisha. Kimojawapo cha vitabu vile vinne ni cha Mencius, mfuasi mkubwa wa Confucius, na humo yamo mafundisho ya wazi kuwa raia wana thamani kuliko mfalme, na kuwa mtawala mdhalimu hupoteza haki ya kuitwa mtawala. Mwaka 1394 maneno ya namna hiyo yalikatwa kwa amri yake, vifungu 85 kwa jumla, katika kitabu cha kusomwa na watahiniwa. Vifungu hivyo vilirudishwa baadaye, lakini kitendo chenyewe ni shahidi mzuri. Mtu hakati maneno yanayomfaa. Ndani ya mafunzo hayo palikuwa na kitu alichokiogopa mfalme, na mtihani ulimpa mkasi wa kukikatia.

Mwanawe, Mfalme Yongle, alikwenda mbali zaidi. Alimpindua mtoto wa ndugu yake mwaka 1402, kisha akamwita Fang Xiaoru, msomi aliyeheshimiwa sana katika zama zake, amwandikie tangazo la kutawazwa. Fang alikataa, kwa kuwa mwenye haki ya kiti alikuwa mwingine. Aliuawa, na pamoja naye jamaa, rafiki na wanafunzi, ambao masimulizi huwahesabu kwa mamia. Mwaka 1415 mfalme yule yule alikamilisha mkusanyo mkubwa wa vitabu vya wafuasi wa Confucius, uliopelekwa katika shule ili watahiniwa wausome. Mtu aliyeyaishi mafunzo aliuawa, na mafunzo yakapigwa chapa. Watu wa namna ya Fang hawakukoma kwa kifo chake. Mwaka 1566 ofisa mmoja jina lake Hai Rui alimwandikia mfalme wa wakati wake barua ya kumlaumu kwa uzembe na ubatili, na yasemekana alikuwa amekwisha kununua jeneza lake kabla ya kuipeleka. Alifungwa, aliokoka kwa sababu mfalme alikufa kwanza. Karne nne baadaye mchezo wa kuigiza ulioandikwa juu yake mwaka 1961 uliwaudhi wakuu wa nchi kwa sababu ile ile, na mashambulizi juu ya mchezo huo, mwishoni mwa mwaka 1965, ndiyo yaliyofungua msukosuko uliowapeleka Walinzi Wekundu Qufu.

Katika mwaka huo wa 1415, mwaka wa mkusanyo wa vitabu, aliwasili katika baraza la Yongle twiga kutoka Malindi. Alipatikana kwa safari za Zheng He, towashi aliyezaliwa katika jamaa ya Kiislamu, ambaye misafara yake saba ilivuka Bahari ya Hindi kati ya mwaka 1405 na mwaka 1433. Wako maofisa waliomsifu mfalme wakisema kuwa mnyama huyo ni qilin, mnyama wa hadithi atokeaye zamani za mtawala mwema. Wanaomshitaki Confucius hupenda kuanzia hapa, na si bila sababu. Baada ya mwaka 1433 safari zilikoma, na wapinzani wake wakubwa walikuwa maofisa waliotoka katika mtihani. Kumbukumbu zake zilipotea. Yasemekana ofisa mmoja alizificha au alizichoma ili asitokee mfalme mwingine wa kuzitamani. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipotia nanga Malindi, hapakuwa na msafara wa mfalme wa Uchina wa kumwuliza aendako.

Yataka kuwasikiliza maofisa hao pia. Walisema kuwa safari zile zinakula hazina, kuwa hazina ni jasho la mkulima, na kuwa mnyama wa ajabu hamshibishi mtu. Upande wa kaskazini Wamongolia walikuwa tishio la kweli, na mwaka 1449 walimteka mfalme mwenyewe vitani. Palikuwa pia na wivu kati ya wasomi na matowashi, ambao haukuhitaji falsafa yoyote ili uwake. Hoja ya kodi ilikuwa ya haki, na Confucius lau angalikuwa hai pengine angaliiunga mkono. Upungufu wao ulikuwa mahali pengine. Hawakuweza kufikiri kuwa ng'ambo ya bahari palikuwa na jambo la kujifunza, na ni vigumu kuwalaumu kwa kuwa tangu utoto hapana mtu aliyewauliza swali juu ya bahari. Bahari haikuwamo katika mtihani.

Mambo yaliyokuwamo katika mtihani yalikuwa haya. Mtoto alikariri vitabu vyenye herufi zaidi ya 400,000, kisha akajifunza kutunga insha ya miguu minane, ambayo kila sehemu yake ilikuwa na nafasi yake na kila sentensi ilitakiwa iwe na pacha wake. Katika mji wa Nanjing palikuwa na vyumba vya watahiniwa zaidi ya 20,000, kila kimoja cha kadiri ya kuketi mtu mmoja, na mbao mbili zilizokuwa meza na kiti mchana zikawa kitanda usiku. Mtahiniwa alikuja na chakula chake, mshumaa wake na tandiko lake. Wengi walirudi miaka mitatu kwa miaka mitatu mpaka wakaota mvi. Mtihani wa namna hii umeazimwa na nchi nyingi tangu hapo, na aliyepata kuandika majibu aliyoyakariri huku akiiangalia saa ya ukutani hahitaji kuelezwa zaidi. Gu Yanwu, msomi wa karne ya 17 na mfuasi thabiti wa Confucius, aliandika kuwa madhara ya insha zile yalikuwa sawa na madhara ya kuchomwa vitabu. Maneno hayo yalitoka katika nyumba ya kwanza, yakiihukumu ya pili.

Gharama ya mlango huo haikulipwa na wasomi peke yao. Hong Xiuquan, mwana wa mkulima wa Guangdong, alijaribu mtihani mara nne akashindwa. Aliposhindwa mwaka 1837 aliugua akaona njozi, na baadaye, kwa kusoma vijitabu vya wamisionari, akaamini kuwa yeye ni mdogo wake Yesu. Maasi ya Taiping aliyoyaongoza yalianza mwaka 1851 na kumalizika mwaka 1864, na kwa makadirio ya wengi watu wapatao milioni 20 walikufa kwa vita, njaa na maradhi. Alikuwa adui wa Confucius, na majeshi yake yalivunja mahekalu yake. Walakini alipouteka mji wa Nanjing mwaka 1853 na kuufanya makao yake makuu, aliweka mtihani wa kuchagua maofisa, na maswali yakatolewa katika Biblia na katika maandishi ya Taiping. Vitabu vilibadilishwa, mlango ukabaki.

Ujapani hutoa ushahidi mwingine. Katika enzi ya Tokugawa, kati ya mwaka 1603 na mwaka 1868, Zhu Xi alisomwa katika shule za huko kwa heshima kubwa. Lakini cheo cha Mjapani kilitokana na nasaba, si na mtihani, na hivyo msomi aliyetaka kujifunza uganga wa Kiholanzi hakupoteza riziki yake kwa kufanya hivyo. Baada ya mwaka 1868 nchi hiyo iligeuka upesi, na Shibusawa Eiichi, mwanzilishi wa benki ya kwanza ya kisasa huko, alihubiri mpaka uzee wake kuwa biashara na maneno ya Confucius vyapatana. Mafunzo yalikuwa yale yale. Kwa kejeli ya mambo, nchi iliyochagua maofisa kwa haki zaidi ndiyo iliyofungwa zaidi na haki yake.

Yako madhara ambayo hayawezi kutupwa juu ya mlango wa serikali, na kubwa ni la wanawake. Cheng Yi, mwalimu wa karne ya 11 ambaye Zhu Xi alimfuata, alifundisha kuwa heri mjane afe njaa kuliko kuolewa tena, na katika enzi za Ming na Qing wajane waliokaa bila ya kuolewa walijengewa malango ya mawe ya kuwasifu. Malango hayo ni mazuri kutazama. Hapa ni nyumba ya kwanza yenyewe iliyokosa, na neno la utu, lililokuwa pana kiasi cha kumwingiza mtoto wa mkulima, lilifika kwa mwanamke likasimama.

Mwaka 1905 mtihani ulifutwa. Mwaka 1912 mfalme wa mwisho, mtoto wa miaka sita, akajiuzulu. Kilichobaki ni watu ambao mlango wao uliondolewa wakiwa bado wamesimama mbele yake, na Lu Xun aliwaandika. Alizaliwa mwaka 1881 katika nyumba ya wasomi, na babu yake, aliyekuwa amefaulu mtihani mkuu, alifungwa mwaka 1893 kwa kujaribu kumhonga msimamizi wa mtihani. Jamaa ikaanguka katika dhiki. Hadithi yake fupi iitwayo Kong Yiji, ya mwaka 1919, yasimulia habari za mtu aliyeshindwa mtihani, anayevaa joho refu la wasomi huku akinywa pombe amesimama pamoja na vibarua. Anaiba vitabu, anapigwa, anavunjwa miguu, na watu wa kilabu wanamcheka. Na kwa watoto wanaomzunguka yeye hugawa punje za maharage, moja moja. Mtu huyo ana jina la ukoo wa Confucius. Wengi husoma hadithi hiyo kuwa ni laana juu ya mwalimu wa kale. Lakini yale maharage ni ya nani? Mtunzi aliyekuwa na chuki tupu asingalimpa Kong Yiji kitu cha kugawa.

Mwezi wa Januari mwaka 2011 sanamu ya shaba ya Confucius, yenye urefu wa mita 9.5, ilisimamishwa mbele ya Jumba la Makumbusho la Taifa mjini Beijing, karibu na uwanja wa Tiananmen. Mwezi wa Aprili, usiku, iliondolewa bila ya tangazo, ikapelekwa katika ua wa ndani wa jumba lile lile.